Kambare Wanaokulana: Tuache Kumlaumu Samaki

Vijana wa Ndalambo, na ninyi wenzetu wa Tunduma, Chitete na kule bondeni Kamsamba, leo naomba tuweke pembeni mahindi, maharage na ufuta. Nataka tuongee kuhusu kambare, na safari hii sileti maelekezo peke yake. Nina msimamo, na najua wapo watakaonipinga. Tubishane, hakuna shida, ila msome hadi mwisho kwanza.

Nianze na kisa. Kijana mmoja alinifuata asubuhi na mapema, hata chai sijanywa.

"Shikamoo mtaalamu."

"Marahaba. Habari ya bwawa?"

"Bwawa lipo, mtaalamu. Samaki ndio sielewi wamekwenda wapi."

Alikuwa amepandikiza vifaranga 1,000 wa kambare kwenye bwawa la turubai nyuma ya nyumba. Fedha yenyewe ilitokana na mahindi ya msimu mzima. Miezi mitatu baadaye akapunguza maji ili aone maendeleo, akahesabu mara mbili, akapata kama mia tatu hivi. Hajawahi kuona mizoga ikielea. Turubai halijatoboka. Basi akapiga hesabu ambayo wengi wetu tungeipiga: kuna mtu anaiba. Na aliyekuwa analala karibu na bwawa ni mdogo wake, mtoto wa baba yake mdogo. Walikuwa wameshagombana vibaya, na mdogo mtu ameshafungasha nguo zake na kurudi kwao.

Tukaenda, tukavuta wavu. Wengi walikuwa urefu wa kidole, baadhi mikia imenyofolewa, wengine wana vidonda ubavuni. Katikati yao walikuwemo sita au saba wanene, kila mmoja urefu wa kutoka kiwiko hadi kwenye kiganja. Nikaomba mmoja, nikampasua. Tumboni kulikuwa na kambare mwenzake mzima, aliyetangulia kichwa, hata hajaanza kuyeyuka vizuri.

Kijana alikaa kimya. Halafu akatoa simu akampigia mdogo wake. Mimi nikasogea pembeni, yale hayakuwa mazungumzo yangu.

Sasa mniruhusu niseme la kwangu. Kijana yule alikuwa amehudhuria mafunzo niliyoyatoa mimi. Niliwaambia kambare ni samaki mgumu, nikawaambia ana uwezo wa kupanda juu na kuvuta hewa, kwa hiyo anavumilia maji ambayo samaki wengine wangekufa. Nikawaambia anakua haraka na soko lake lipo. Yote ni kweli. Ila sikuwaambia kwamba anakula wenzake, kwa sababu niliona ni jambo dogo, litajitatua. Halikujitatua. Ndiyo maana leo naandika.

Msimamo wangu ni huu: kambare kulana bwawani tusiite tabia ya samaki, tuite kosa la mfugaji. Na nitaongeza lingine litakalowaudhi baadhi yenu: mwenye bwawa moja tu, asiye na mahali pengine pa kuhamishia samaki, asianze kufuga kambare.

Hasara isiyoelea juu ya maji

Kuku akifa bandani unamwona. Mahindi yakishambuliwa na viwavijeshi unaona majani yametoboka. Kambare akiliwa na mwenzake hakuna unachokiona, kwa sababu mzoga umeingia tumboni. Bwawa linaonekana vilevile. Ukirusha chakula, maji yanachafuka kwa vurugu, unafurahi, unasema samaki wangu wana afya. Kumbe wanaofanya vurugu ni wachache.

Tupige hesabu ndogo. Tuseme kifaranga mmoja umemnunua shilingi 300. Vifaranga 1,000 ni shilingi 300,000. Wakibaki 400, kila aliyebaki amekugharimu shilingi 750 kabla hujamlisha chochote.

Hiyo ni hasara ya kwanza. Ya pili ni mbaya zaidi. Tuseme samaki wako wana wastani wa gramu 20, na unawalisha asilimia 5 ya uzito wao kwa siku. Kwa samaki 1,000 hiyo ni kilo 1 ya chakula kila siku. Lakini kama wapo 400 tu wa ukubwa huo, wanahitaji gramu 400. Gramu 600 zinazobaki unawalisha samaki walioko kwenye daftari, sio bwawani. Kwa siku 30 ni kilo 18 za chakula zilizozama chini, zikaoza, zikaharibu maji. Maji yakiharibika hamu ya kula inapungua, wadogo wanadumaa, tofauti ya ukubwa inaongezeka, na kulana kunaongezeka. Unaona mzunguko huo? Unanunua chakula kinachowafanya samaki wako waliane.

Kwa nini wanalana?

Kambare tunayemfuga ni mlaji wa nyama na wa kila kitu. Porini, kwenye Mto Momba au Ziwa Rukwa, anakula wadudu, samaki wadogo, mabaki, chochote. Hiyo ndiyo asili yake, sibishi. Lakini kuna tofauti kati ya uwezo wa kufanya jambo na kulazimika kulifanya. Mambo matatu ndiyo yanayomsukuma.

La kwanza ni tofauti ya ukubwa. Mayai ya mama mmoja, yaliyoanguliwa siku moja, hutoa vifaranga wasiokua kwa kasi moja. Wachache hutangulia, na baada ya wiki chache wanakuwa kama kaka wa shule ya sekondari waliowekwa darasa la awali. Wakiwa wadogo sana, kambare huuma mwenzake mkiani na kumnyofoa, mara nyingi anamwacha nusu. Wakishakua kidogo, mkubwa anammeza mdogo mzima kuanzia kichwani. Kanuni ni rahisi: mdomo wa mkubwa ukipita kichwa cha mdogo, mdogo ni chakula.

La pili ni njaa. Sizungumzii tu njaa ya kukosa chakula kabisa, bali pia ya kulishwa mara moja kwa siku, mahali pamoja. Ukimwaga chakula kona moja kila siku, wakubwa wanaijua kona hiyo kuliko wewe. Wanaishika. Wadogo wanabaki nyuma wakila makombo. Na kama punje za chakula ni kubwa kuliko mdomo wa mdogo, hata akifika hawezi kula. Kwa hiyo chakula kilekile kinamnenepesha mkubwa na kumdumaza mdogo.

La tatu ni mazingira. Kambare ni mnyama wa usiku na wa giza. Tangi la plastiki jeupe lililowekwa juani, maji maangavu, hakuna kivuli wala pa kujificha, linamweka kwenye wasiwasi muda wote. Aliyeumwa hana pa kukimbilia, anaumwa tena. Kidonda nacho kinaingia fangasi, na asiyeliwa anakufa kwa ugonjwa.

Hoja ninazozisikia

"Mtaalamu, hiyo ni asili yao, tukubali tu nusu inapotea." Hii ndiyo hoja inayoniuma zaidi, kwa sababu imezoeleka. Nigeria ndiyo inayoongoza Afrika kwa ufugaji wa kambare, na wafugaji wa huko wanaoujua mchezo huchambua samaki kwa ukubwa kama kazi ya kawaida ya shamba, kama sisi tunavyopalilia. Hakuna mkulima wa Ndalambo anayesema magugu ni asili ya shamba kwa hiyo tukubali nusu ya mahindi. Tunashika jembe.

"Basi nitapunguza idadi, niweke wachache." Hapa kambare anatofautiana na wanyama wengi. Wakiwa wachache mno kwenye eneo kubwa, kila mmoja hutaka kulinda kipande chake, na ugomvi unaweza kuongezeka. Wakiwa wengi kiasi, ulinzi wa eneo unashindikana na wanatulia. Simaanishi ujaze bwawa mpaka maji yanuke. Ninachosema ni kwamba kupunguza idadi peke yake sio dawa. Samaki 100 wa ukubwa tofauti watalana, samaki 500 wa ukubwa mmoja wanaolishwa vizuri watavumiliana.

"Nitawatoa wale wakubwa tu, basi." Watoe, ni hatua nzuri. Lakini ukitoa wa kwanza, baada ya wiki mbili tatu wanaibuka wengine waliokuwa wa pili. Kuchambua sio kazi ya siku moja.

"Kuwashika shika kunawaua." Kunawaua ukiwashika vibaya. Nitaeleza namna hapa chini.

Sasa ufanyeje?

Anza kwenye kununua. Usikubali vifaranga waliochanganywa. Mwambie muuzaji unataka kundi moja na ukubwa mmoja, na umwage kwenye beseni uangalie mwenyewe kabla hujatoa hela. Kama mfuko unaruhusu, nunua waliofikia sentimita 8 hadi 10. Bei yao iko juu, lakini umri mbaya zaidi wa kulana wameshaupita, na ameshaubeba mtu mwingine. Kifaranga wa bei rahisi anayeishia tumboni mwa mwenzake ndiye ghali.

Andaa sehemu tatu. Sio lazima mabwawa matatu ya kuchimba. Inaweza kuwa bwawa moja na matangi mawili, au bwawa moja lililogawanywa kwa wavu imara wenye matundu madogo, uliofungwa vizuri hadi chini. Moja la wadogo, moja la wa kati, moja la wakubwa. Hapo ndipo neno langu la mwenye bwawa moja linapotokea. Ukichambua halafu huna pa kuwapeleka, umechambua nini?

Pima kabla hujachambua. Kila wiki mbili vifaranga wakiwa wadogo, na kila mwezi wakishakua, kamata samaki 50 bila kuchagua. Wapange kwa macho kwenye beseni. Ukiona wapo waliowazidi wenzao kwa nusu ya urefu, usingoje wafike mara mbili. Ita watu, siku ya kuchambua imefika.

Siku ya kuchambua, acha kuwalisha siku moja kabla ili matumbo yawe mepesi. Fanya asubuhi kukiwa na ubaridi wa wastani. Tumia maji ya bwawa hilohilo kwenye ndoo na mabeseni, usiwamwagie maji mageni ghafla. Kwa vifaranga, chukua beseni la plastiki, litoboe matundu yanayolingana kwa msumari wa moto, kisha lainisha kingo zisichane ngozi. Liweke likielea ndani ya maji, weka samaki, tikisa taratibu. Wadogo watapita, wakubwa watabaki. Huhitaji mashine. Wakubwa kabisa wachague kwa mkono, ila jihadhari na miiba ya mapezi ya ubavuni.

Waliojeruhiwa waweke peke yao kwenye maji safi yenye chumvi kidogo, gramu 3 hadi 5 kwa kila lita. Usiwarudishe mpaka wapone. Ukimrudisha mwenye kidonda, umempeleka sokoni.

Na muhimu kuliko yote, hesabu. Kila unapochambua andika wangapi wameingia wapi. Ukiandika 1,000 leo na wiki mbili baadaye ukapata 960, umejua mapema. Ukisubiri miezi mitatu ndipo unaanza kumtafuta mwizi.

Kwenye kulisha, vifaranga wadogo wape mara nne au tano kwa siku, kidogo kidogo. Wakikua shuka hadi tatu, mwishoni mara mbili zinatosha, na mlo mmoja uwe jioni kwa sababu ndio muda wao. Sambaza chakula eneo lote la bwawa. Punje zilingane na mdomo wa mdogo kabisa aliyemo. Usidanganyike na pumba za mahindi peke yake kwa sababu huku kwetu zipo nyingi. Kambare anataka protini: mashudu ya alizeti, soya iliyopikwa au kukaangwa, dagaa waliosagwa, vikichanganywa kwa kipimo. Mnyime protini bwawani, ataitafuta kwa jirani yake.

Weka kivuli. Fremu ya miti na nyasi juu ya sehemu ya tangi inatosha. Vipande vya mabomba au matofali yenye matundu chini ya maji vinampa mdogo pa kujificha, ila uviondoe kabla ya kuvuta wavu. Na mkumbuke baridi ya huku juu mwezi Juni na Julai. Maji yakipoa kambare hula kidogo na kukua polepole, kwa hiyo punguza chakula, usimlazimishe. Wenzetu wa Kamsamba kwenye joto la bonde, samaki wenu wanakua haraka zaidi, na tofauti ya ukubwa nayo inakuja haraka zaidi. Ninyi mchambue mapema kuliko sisi.

Ukali huohuo una faida

Wapo waliokata tamaa na kambare kabisa. Nawaambia wasimtupe, wampe kazi. Wafugaji wa sato na perege mnajua tatizo lenu: wanazaana mpaka bwawa linajaa samaki wa ukubwa wa kiganja cha mtoto. Ukiweka kambare wachache humo, wanakula vifaranga wa sato, na sato wako wanapata nafasi ya kukua. Sharti ni kwamba wakati wa kuwaweka, sato wawe wameshawazidi kambare ukubwa. Ukali uleule uliokutia hasara kwenye bwawa moja unakuingizia hela kwenye lingine. Kilichobadilika ni mpangilio wako.

Kuna kijana wa Tunduma aliwahi kuniuliza kuhusu kobe wa maji wawili waliokuwa kwenye tangi moja la kioo, mkubwa anamng'ata mdogo miguu na mkia. Nikamwambia mambo mawili. Kwanza, kobe wa maji wa huku kwetu ni mnyamapori, na kwa Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009 humfugi bila kibali, kwa hiyo aanzie hapo. Pili, jibu la ugomvi ni lilelile la kambare: tofauti ya ukubwa, kugombea chakula, na kugombea sehemu moja ya kuota jua. Watenganishe. Wanyama tuliowafungia pamoja hawana uwezo wa kuhama. Anayeweza kuwahamisha ni wewe mwenye ufunguo.

Neno la mwisho

Nimeona vijana wengi wakiingia kwenye kambare kwa video ya dakika tatu ya simu: mtu amesimama kwenye tangi, samaki wanaruka, anataja mamilioni. Hakuna video inayoonyesha mtu ameinama tangu saa kumi na mbili asubuhi akichambua vifaranga kwenye beseni lililotobolewa. Lakini hela iko pale kwenye beseni. Kama kazi ile huiwezi au huitaki, hakuna aibu, fuga sato, fuga kuku, lima alizeti. Aibu ni kupoteza mtaji wa mahindi halafu kumtuhumu ndugu yako.

Yule kijana ameanza upya, safari hii na vifaranga 400 tu. Bwawa lake lilelile amelikata mara tatu kwa nyavu. Mdogo wake amerudi, na sasa yeye ndiye anayeshika daftari la kuhesabu.

Kazi njema, na mkachambue.